Karani wa Wadudu

Kazi yangu ni kuhesabu dudu.
Muheza mjini wakiniuliza, nasema niko idara ya maji;
wakikazana, nasema karani.
Hapa kijijini hakuna kujificha:
wameniona nimepinda mgongo katika kijito Kwesui,
suruali magotini, wavu wa chandarua mkononi,
nateka tope na kulipembua kwenye sinia nyeupe
kama apembuaye mchele wa karamu ya watu.
Elfu kumi na tano kwa siku. Chakula juu yangu.

Kituo cha kwanza kiko juu, msituni.
Jua huyafikia maji kwa sarafu, moja moja.
Ukigeuza jiwe, jiwe lina wenyewe:
huyu bapa, mikia mitatu,
matamvua yakimpepea ubavuni;
yule anajijengea nyumba kwa chembe za mchanga,
kila chembe ameipima, na gundi hutoka kinywani mwake.
Nilimuuliza mama majina yao kwa Kishambaa.
"Wadudu wa maji," akasema, akaendelea kumenya ndizi.
Basi nimewabatiza mwenyewe:
Mikia-Mitatu. Mwashi.
Siku ile niliandika: aina kumi na tisa.

Kituo cha pili, magimbi yamekanyaga maji.
Sheria inasema mita sitini.
Nilipima kwa miguu:
hatua mbili, ya tatu unalowa.
Miti ya ukingoni yote ilikwenda kukausha iliki,
na maji yaliyozoea kivuli yamekaa juani
kama chai iliyosahauliwa.
Nikageuza jiwe. Halina mwenyewe.
Udongo wa shambani umeziba kila ufa,
plasta ya fundi mwenye haraka.
Aina sita. Usubi, tele.
Na vile viminyoo vyekundu visivyochagua,
vinavyoishi kwa pumzi ya kuazima.

Fomu inataka jina la mwenye shamba.
Mbelwa Shekiondo, nikaandika.
Kaka yangu, tumbo moja.
Na ule mwaka wa kufyeka
panga la pili nililishika mimi.
Ada yangu ya chuo ilichimbwa pale pale.
Kuhesabu nimefundishwa
kwa mkopo wa hawa ninaowahesabu.

Kituo cha tatu, kivukoni,
pikipiki huoshwa, na bomba la dawa ya nyanya husuuzwa.
Aina mbili.
Sinia ilibaki nyeupe, nikajiona uso.

Usiku nikamweleza Mbelwa.
"Mdudu," akasema, "umewahi kumwona anachangia harusi?"
Nilicheka, maana ni kweli.
Kisha nikamuuliza wako wapi wale samaki
tuliokuwa tukiwavua kwa shati lake la shule.
Akanawa mikono muda mrefu kuliko ugali aliokula.
"Unataka mistari mingapi ya magimbi?"
"Minne."
"Mmoja."
Tukavutana kama watu wa gulioni
tukaachana kwenye miwili na nusu.
Ile nusu mpaka leo hatujaelewana iko wapi.

Masika yamepita mara mbili.
Hatukupanda kitu; tangawizi-mwitu ilijileta yenyewe,
matete yakafuata, na mkuyu mmoja wa kimo cha mbuzi.
Jana nikageuza jiwe la kituo cha pili
na chini yake, Mwashi.
Mmoja. Nyumba yake mchanga mtupu
isipokuwa mlangoni: kipande cha ganda la iliki.

Huenda amesombwa tu kutoka juu.
Mvua ya Jumanne ilikuwa kubwa.
Bibi Mntambo wa ofisini hapokei huenda;
anataka namba, na mdudu ndani ya spiriti.

Nimeandika: mmoja.
Mwenyewe nimemrudisha chini ya jiwe lake,
nikaifunga chupa tupu.
Atanikata siku moja.
Na akate.