Uzi wa Pamba

Daktari Mutheu alisokota pamba
ikawa uzi mwembamba kuliko unywele,
akanigusa nao juu ya jicho.
"Umehisi?"
Nikamuuliza, "Kwani umeshaanza?"

Akanyamaza. Akaandika.

Miaka kumi na minne ya kisukari,
leza mara tatu, sindano sikumbuki ngapi,
muda wote wakitibu nyuma ya jicho,
ukuta wa ndani unaovuja damu.
Hakuna aliyeutazama mlango.

Konea, akasema, haina damu, ina neva,
na zako zimelala. Huenda leza nayo
ilizichoma ikipita.
Nikawaza: sukari imemhonga bawabu.

Kamukunji nakata mabati ya masanduku.
Zamani chembe moja ikiniingia
natupa nyundo, nalia kama kitoto.
Juma lililopita Kerubo ndiye aliyeona,
tukila githeri:
"Baba Moraa, una kutu jichoni."
Nikamwambia anisogezee chumvi.

Kidonda kile mpaka leo hakijafunga.
Ngozi ya juu inamea, inabanduka,
kama rangi iliyopakwa juu ya vumbi.

Sasa nina matone,
na miwani ya plastiki mafundi wanayoicheka.
Kila jioni nashika kioo,
Moraa akinimulika kwa simu,
natafuta kwa macho
kile ambacho macho hayaniambii tena.

Jana alinipulizia kidogo, kwa mzaha.
Nikapepesa.
Akaruka: "Umehisi!"
Sikumwambia
kwamba nilimwona akivuta pumzi.