Swali la Kumi na Nne

Saa nne na nusu usiku, Tabata Kimanga.
Nimeoga, nimejipaka mafuta,
na mikono bado inanuka wodi.
Feni inazunguka kwa uniti nane za Luku.
Baa ya jirani imegoma kulala.
Nafungua sura ya saba.

Hapa hapana mwalimu,
hapana kengele, hapana wa kunikemea nikipiga miayo.
Ni mimi, kalamu nyekundu,
na kaunta buku ya kwaya mbili
ambayo Nyamizi, mwanangu, ameichora jalada:
twiga amevaa koti la udaktari,
kifimbo cha kupimia homa kinywani kama sigara.

Baraza linataka alama zangu kabla ya Desemba.
Lakini si alama zilizonikalisha hapa.
Jana Mbilinyi, yule daktari kijana,
aliniuliza kipimo cha dawa mbele ya wagonjwa
nami nikamjibu upesi,
upesi mno,
kama mtu anayefunga mlango mvua isiingie.

Swali la kumi na nne.
Mwanamke, miaka arobaini na saba.
Uvimbe titi la kushoto, sentimita tatu.
Tezi mbili za kwapani zimeguswa.
Utaanza na nini?

Kitabu hakisemi kama ametoka Kibiti
na chupa ya chai na kanga ya kujifunika.
Hakisemi kwamba mumewe ameuza pikipiki,
kwamba dada yake anamsubiri nje
akihesabu nauli ya kurudi.
Jina hakimpi.
Mimi namwita Bi Tausi,
maana mwaka juzi, mwezi Machi, alikaa mbele yangu
na titi hilohilo, sentimita hizohizo,
akaniuliza, "Daktari, hii dawa ndiyo yenyewe?"
Nikasema, "Ndiyo yenyewe."

Naizungushia B duara.
Nafunua majibu, nyuma ya kitabu.

Si B.
B ilikuwa kweli zamani.
Na kwa herufi ndogo, ndogo kama mayai ya chawa,
tarehe ambayo mwongozo ulibadilika:
Novemba, miezi minne kabla ya ile Machi.

Tofauti, wanasema, ni watu sita katika mia.
Nahesabu kwa vidole, mimi mtu mzima.
Kliniki yangu ya Alhamisi ina watu arobaini.
Sita katika mia, kwa arobaini:
wawili, na kitu.
Hicho kitu kina watoto wangapi?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Wanaponiita bingwa kule koridoni
na walinzi wakinifungulia geti kabla sijapiga honi,
sikuwahi kusikia mlio wa maji yakimiminwa.
Usiku huu nayasikia.

Namtazama twiga wa Nyamizi.
Ana shingo ndefu, anaona hadi ng'ambo ya pori,
ila akitaka kunywa
sharti aitanue miguu, ovyo, bila heshima,
akiinamishe kichwa hadi kwenye tope.

Bi Tausi yu hai. Niseme hilo.
Alhamisi faili lake litakuwa mezani,
ataingia na karanga za kukaanga kwenye mfuko wa karatasi,
ataniita mwanangu ingawa tumepishana mwaka mmoja.
Nitamwambia kuna kipimo cha kurudia.
Nitamwambia kwa nini.
Maneno ya hapo hayamo katika sura ya saba,
wala ya nane, nimetazama.

Uniti tatu.
Nachukua simu.
"Mbilinyi, jibu nililokupa jana si sahihi."
Nafuta.
"Mbilinyi, tulisome upya lile la jana."
Nafuta hilo pia; hilo "tu" ni la kujificha.
Narudia la kwanza. Natuma.

Saa sita na robo.
Kumbe yuko macho naye.
Anaandika,
anaacha,
anaandika.