Jino la Ancud

Siku ya arobaini na moja kutoka Montevideo
tukatia nanga Ancud,
mvua ikinyesha kama haina kazi nyingine.
Nahodha alitugawia saa kwa mkono mzito:
"Mwisho saa kumi na mbili jioni.
Atakayechelewa atafute mchumba hukuhuku."

Crisanto akakimbilia simu.
Maëlle alitaka maji ya moto yasiyo na chumvi,
aoge mpaka vidole vikunjamane.
Mimi nilikuwa na jino.

Tangu Rasi ya Hoorn lilikuwa likishika zamu nami,
zamu ya usiku wa manane, na zamu yangu ikiisha
lenyewe halishuki kulala.
Nimelitilia karafuu. Nimelitilia pombe ya mpishi.
Nimelitukana kwa lugha tatu.

Gati lilinipokea vibaya.
Saruji iliyumba, nikaikumbatia nguzo ya taa
kama mlevi ambaye hata hajanywa.
Mbwa mmoja alinitazama,
akageuza uso, akaona haya kwa niaba yangu.

Mtaa unapanda kilima. Nyumba zimevaa vigae vya mbao,
magamba juu ya magamba,
kama samaki waliosimama wima kuona nani anapita.
Moshi wa kuni. Udongo uliolowa.
Nikasimama palepale mvuani:
nilikuwa nimesahau kwamba dunia ina harufu.

Daktari Edelmira Nahuelquín ana mikono midogo
na redio juu ya kabati la dawa.
Redio haipigi muziki. Inasoma salamu za watu wa visiwani,
wale ambao simu haiwafikii:
*Don Rosamel Barría, gunia lako la unga limefika,
njoo Alhamisi na maksai.
Familia ya Chiguay, mama ametoka hospitali,
mtu aje gatini na farasi, farasi mpole.*
Kihispania changu ni cha sokoni, bei na mkate na asante;
nusu nilielewa, nusu nikajitungia.
Nilikuwa nimeachama, taa usoni,
na lile neno, mpole,
likanitoa machozi.
Akadhani ni sindano.

"Unatoka wapi?" akauliza, koleo likiwa ndani,
kama waulizavyo madaktari wa meno wote.
Nikamjibu: aa, o, aa.
Akatikisa kichwa, ameridhika.
Kisha akavuta.
Lilitoka na mizizi yake mitatu,
nanga ndogo iliyokwama mwambani muda mrefu mno.

Akapokea nusu ya pesa.
Nusu nyingine, alisema, nilishailipa baharini.
Sikuweza kusema, pamba imejaa kinywani,
basi nikaandika nyuma ya risiti:
*Na mimi naweza kutuma salamu?*
"Kwa nani?"
Kalamu ikakaa hewani.
Watu wangu wako mbali na mawimbi ya redio ile
kuliko walivyo mbali na mwezi.
Alisubiri kidogo. Halafu akainua simu mwenyewe.

Saa kumi na moja nilishuka kilima na soksi mpya za sufi
na mfuko wa viazi, vya zambarau hadi moyoni.
Mlango wa kila duka ulikuwa wazi,
kila duka lina redio ileile,
na nikajisikia napita kutoka duka hadi duka, kipande kipande:
*Kwa yeyote anayehusika...*
*...mtu wa merikebu Birgitte...*
*...jino limetoka. Yu salama.
Asisubiriwe kabla ya Aprili.*

Bibi wa samakigamba, hata sikumwagiza kitu,
aliinua kisu chake kama anayepiga saluti:
"Jino vipi?"
Nikamwonyesha pengo.
Akaita wenzake waje waone.

Sasa ni usiku, nchi imezama nyuma yetu.
Ulimi wangu kila mara unarudi palepale,
unapapasa, haumkuti mwenyeji,
unarudi tena.
Viazi tulivila siku ya tatu.
Soksi ninazo.