Kuonekana: Uongo

Marketta alitaka dirisha lisilofungika.
"Taisto analifunga," alisema. "Kila tahadhari ikitokea
anaibonyeza ile alama ya kosa pale pembeni
kama mtu anayefukuza nzi."
Basi nikakaa mezani, Kajaani, katikati ya Januari,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
kahawa imeshapoa, nikaanza kulichuna.

Fremu kwanza.
Kisha upau wa jina, ule utepe wa buluu wa juu
ambao mtu huushika akaliburuta dirisha atakako.
Nikang'oa vitufe vitatu: cha kukunja, cha kutanua,
cha kufunga.
Ukabaki mstatili mwekundu, mtupu,
umechunwa kama sungura.

Halafu mistari miwili.
Mashine haijui labda. Inajua kweli na uongo tu,
na ukitaka kitu kisiwepo ndivyo unavyoandika:

        juu ya yote: kweli
        kuonekana kwenye upau wa kazi: uongo

Niliuandika uongo ule kwa mkono mwepesi.
Nikajaribu. Kule chini ya skrini, kati ya saa na barua pepe,
hakuna ikoni, hakuna jina, hakuna pa kushika.
Mgeni ameingia bila hodi
na mlango wa kumtolea hakuna.
Nilijisifu, sikatai.

Wiki ya pili, saa tisa usiku, simu.
Taisto Kemppainen, zamu ya usiku, mtambo wa joto
unaopasha maji ya mji mzima.
Sauti yake haikuwa na haraka hata kidogo.
"Kengele inalia," alisema,
"lakini sioni inalilia nini."

Nilimkuta amesimama.
Skrini ya pili ilikuwa imechomolewa, mafundi
wameondoka nayo jioni bila kumwambia mtu,
na dirisha langu lilikuwa bado kule kule,
pikseli mia tisa kushoto ya pale dunia inapoishia,
juu ya yote, kama nilivyoliagiza,
juu ya yote yasiyokuwapo.
Yeye alikuwa ameshauzunguka mtambo na tochi,
akiyagusa mabomba kwa kiganja, moja moja,
mpaka akalipata lililopoa,
akaifungua valvu kwa mkono.

Nilimuuliza swali ambalo ningemuuliza mwezi uliopita:
kwa nini ulikuwa unalifunga?

Akaweka kidole kwenye kioo,
kona ya chini, maandishi madogo ya kijivu.
Makao ya wazee, jengo la pili. Namba moja tu.
"Dirisha lenu lilikuwa linaikalia hii.
Mama yuko ghorofa ya juu.
Tahadhari nikishaisoma, nimeisoma.
Baada ya hapo nataka kuiona namba."

Nikavua buti zilizolowa, nikaketi na soksi kwenye kiti chake.
Fremu nikairudisha. Vitufe, kimoja kimoja.
Utepe wa buluu, na jina lake juu.
Kwenye upau wa kazi nikafuta uongo, nikaandika kweli:
ikoni iwake rangi ya chungwa mara tatu,
kisha itulie ikisubiri kuitwa.
Nikaongeza mistari sita ambayo kila likiamka
itauliza kabla ya kujitokeza:
skrini ziko ngapi leo, na mimi nimo ndani ya ipi?

Taisto alikishika kipanya.
Akalisukuma dirisha pembeni, taratibu,
kama mtu anayesogeza kikombe
apate pa kuegemeza kiwiko.
"Hapo," akasema.
Nikalifundisha lipakumbuke hapo.

Marketta sijamwambia bado.
Namba ilisoma ishirini nukta mbili.
Tukavuta viti, tukakaa, tukiingoja ipande.