Jozi ya Tatu

Ruwi, saa tatu usiku, joto bado limeegemea kioo.
Biju ananipangia hedifoni tatu juu ya kaunta:
"Kwa metali, dada, hii. Itakutikisa meno."

Ya kwanza besi tupu, ngoma imemeza gitaa,
kama mtu anahamisha makabati ghorofa ya juu.
Ya pili inanichoma sikio. Naivua.

Sitafuti kishindo. Kishindo hata simu inacho.
Nina rekodi moja, dakika nne na ushei,
tuliyoipiga Wadi Kabir, gereji ya viyoyozi,
geti limefungwa, magodoro ukutani,
Khalfani nyuma ya ngoma, miguu yake cherehani.

Ya tatu. Riali arubaini na nane.
Naipandisha juu ya mtandio, Ruwi yote inazimika.
Na pale, kabla chuma hakijaanguka,
tone la kiyoyozi ndani ya ndoo,
na Khalfani, chinichini, anahesabu
kwa Kiswahili cha bibi yake:
mosi, pili, tatu,
anavuta pumzi.

Siku hizi yuko Sohar, anayeyusha aluminiamu.
Naye huvaa kama hizi, nzito, nyeusi,
zisizopitisha kitu.

"Besi vipi?" anauliza Biju.

Natoa pochi.