Pacha wa Shaba

Sahani ya shaba, upana wa viganja viwili,
niliinunua kwa kilo, sokoni Katuba,
kwa mtu aliyeipima kama nyama
asiulize naitakia nini.

Naipaka nta. Nachora kwa sindano ya mama,
ile yenye tundu lililopasuka:
mmea mfupi, kijiua cha zambarau
kinachoota pale tu udongo umejaa shaba,
pale mahindi hufa na nyasi hukataa.
Wachimbaji wa kale walikifuata
kama mwenye njaa afuatavyo moshi wa jiko.
Hakuna aliyekiuliza: kwenu wapi?

Mimi nimeulizwa.
Shuleni, kwenye foleni ya kadi ya kura, harusini kwa watu.
"Kabanga? Hilo si jina la huku."
Babu aliiyeyusha shaba hii miaka thelathini;
bomba kubwa likikohoa, naye anakohoa.
Kisha, mwaka ule wa treni, tukaambiwa: kwenu.
Tukapakiwa pamoja na magodoro.
Mbuyi, aliyenitangulia kutoka tumboni kwa robo saa,
akanitangulia tena,
kati ya stesheni mbili ambazo majina yake
mama hakuyataja mpaka alipokufa.

Tindikali inang'ata. Nahesabu dakika kwa vidole,
pua dirishani.
Panapoumwa ndipo patakaposhika wino.
Palipo laini kitambaa hupafuta,
hapakumbuki kitu.

Karatasi nailoweka kwanza, ilegee,
kisha chini ya rola, vyuma vya mashine ya kukamulia nguo
alivyoniungia Ilunga, fundi wa Kamalondo,
akakataa kulipwa, akataka picha.
Nazungusha. Inalia kama mlango wa kanisa.

Nainua pembe moja.

Ua lililoinamia kushoto limeinamia kulia.
Jina langu, nililolichonga kinyumenyume
hata mwenyewe nisilisome,
limesimama wima kama mtoto wa shule Jumatatu.
Shaba ni Mbuyi, karatasi ni Kabanga:
aliyetangulia amebaki na kidonda,
aliyefuata amepata sura.

Nimechapa kumi na mbili. Ya tano ina dole gumba langu,
wino uliteleza. Hiyo siiuzi.
Wanunuzi husema, asili nzuri hii,
wakimaanisha majani.
Naitika: ndiyo, asili.

Nje, mvua ya kwanza ya mwaka
inaupiga mlima wa mavi ya shaba,
mweusi, hauna hata jani.
Nautazama hadi wino unakauka mikononi.
Ule nao ni babu.