Somo la Kuelea

Shule yetu ni mnara wa mawe, ghorofa nne,
juu kabisa katika milima ya Svaneti,
ambako theluji hubisha hodi Oktoba
na haiagi mpaka Mei.
Darasa la kuinua vitu liko juu ya zizi;
tunasoma kwa harufu ya ng'ombe
na joto la pumzi zao linalopenya mbao za sakafu.

Siku ya kwanza Bi Nanuli aligawa jozi,
kila mtu moja, ndani ya ganda lake gumu.
"Msizile," alisema. "Wa mwaka jana walikula."
Kisha akaandika ubaoni kwa chaki ya buluu:

    Uzito, nakuazima,
    nitakurudisha chini;
    dunia, mama wa mama,
    kiachie ki hewani.

"Mizani nane kila mstari. Zihesabuni.
Ukipunguza moja, jozi inapasuka.
Ukiongeza moja, unapasuka wewe.
Limewaelea?"
"Limetuelea!" tuliitika.
Uongo mtupu. Hakuna kilichoelea,
si somo, si jozi,
ila ya Tsotne, mtoto wa muuza dawa:
kabla ya chakula cha mchana yake ilikuwa sikioni pake,
inazunguka kama nyuki anayeuliza njia.

Yangu ilikaa kitako kama mdai mlangoni.
Novemba ikaisha. Desemba.
Nilinong'ona, nikabembeleza, nikapiga kelele,
Keto wa kitanda cha juu akanirushia soksi.
Usiku mmoja nilirudia maneno mara mia mbili
mpaka moyo ukaanza kunielea,
na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kuelesha.

Labda ni mikono yangu.
Baba yangu huezeka nyumba kwa vigae vya mawe.
Tangu nina miaka saba nilimpandishia ngazini,
kigae kimoja kimoja, nakiegemeza kifuani,
na vidole vyangu vinaujua uzito
kama ulimi unavyolijua jino bovu.
Ukiona vyaelea, vimeundwa, ndiyo,
lakini aliyesema hivyo hakutaja mgongo wa nani.
Tsotne hajawahi kubeba kitu kizito kuliko mkoba wake.
Kwake, jozi kupanda ni jambo la kawaida;
mimi nilitaka kwanza kumwona aliyeibeba.

Siku ya mtihani Bi Nanuli alikaa mbele yangu,
viwiko juu ya meza, daftari wazi,
chupa mbili za wino, kipande cha mkate wa jibini.
Jozi katikati.
Nilikuwa nimechoka. Sikuhesabu mizani.
Sikuitazama hata jozi.
Nilikuwa natazama mguu wa meza ule mfupi,
uliowekewa kikaratasi kilichokunjwa usichecheme,
nikiwaza: mwaloni mtupu huu, mlango mwembamba vile,
ni akina nani walioupandisha ngazi zote hizi,
na yule wa chini, aliyebeba upande mzito,
alipumzika wapi?
Midomo ikawa inajisemea yenyewe,
kiachie, kiachie ki hewani,

na kikaratasi kikapeperuka.

Meza ilipanda kidole. Ikapanda shubiri.
Ikapanda na wino, na mkate, na viwiko vya Bi Nanuli,
ambaye hakuviondoa.
Chini, ng'ombe waliacha kutafuna.
Ikafika usawa wa kifua changu, ikatulia pale,
mahali vigae vya baba vilipokuwa vikitulia.

Jozi ikabingirika, ikafika ukingoni,
ikaanguka sakafuni: ko.

"Ishushe taratibu, Dariko," alisema. "Kuna wino."
Niliishusha. Jasho lilinitoka hadi kwenye magoti.
Akachovya kalamu, akaandika mbele ya jina langu,
kwa mwandiko wake usio na huruma:
*Jozi: haikupanda.*
Kisha akainama, akaiokota,
akaipasua kwa kisigino cha kiatu,
akanipa nusu.

Ilikuwa chungu kidogo, ya mwaka wa juzi labda.
Tuliitafuna bila kusema neno.

Meza inachechemea mpaka leo.
Kile kikaratasi hatukukiona tena.